Kitufe cha O/D na dhamana ya dereva

Katika magari mengi ya otomatiki yaliyotengenezwa Japani, ubavuni mwa mkono wa gia kuna kitufe kidogo kilichoandikwa O/D, yaani ovadraivu. Wapo mashofere wanaomaliza mwaka bila kukigusa. Wapo wanaokibonyeza kwa bahati mbaya, wakaona taa ya O/D OFF imewaka kwenye dashibodi, wakadhani gari limeharibika. Kitufe hicho kinabeba swali ambalo ni la falsafa kuliko la gereji: mashine ikishapewa kazi ya kuamua, mtu anabaki na dhamana gani? Jibu langu ni kwamba anabaki na iliyo nzito kuliko zote, na ushahidi umo katika namna ovadraivu yenyewe inavyofanya kazi.

Katika giaboksi ya gia nne, gia ya tatu kwa kawaida huzungusha shafti sawa na injini, mzunguko kwa mzunguko. Gia ya nne ndiyo ovadraivu: injini inazunguka kama mara 7, shafti inazunguka mara 10. Mwendo ni ule ule, injini imetulia, petroli inaliwa kidogo, kelele imepungua. Lakini gia hiyo hiyo inayopumzisha injini hupunguza nguvu ya kuvuta inayofika kwenye magurudumu. Barabara tambarare haiidai nguvu hiyo, kwa hiyo huko O/D ni halali yake. Kwenye mwinuko mrefu mambo hugeuka. Giaboksi hupanda gia ya nne, hukuta injini inalemewa, hushuka ya tatu, hupata nafuu, hupanda tena. Kuhangaika huko huchemsha mafuta ya giaboksi, na joto ni adui mkubwa wa giaboksi za otomatiki. Mji wa Kolwezi, nchini Kongo, uko kwenye uwanda wa takribani mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa nyepesi huinyima injini isiyo na tabo sehemu ya nguvu zake, hivyo kulemewa kunakuja mapema kuliko pwani. Mteremko una hatari yake: ndani ya O/D injini hailizuii gari sana, mzigo wote unaziangukia breki, na breki zikipata moto kupita kiasi hazishiki tena.

Sasa tuulize kwa nini mtengenezaji, aliyekwisha kumwondolea dereva klachi na hesabu ya gia, alimwachia kitufe hiki kimoja. Giaboksi ya aina hiyo hujua mwendo wa gari na kiasi cha mafuta kilichokanyagwa, yaani inajua yaliyokwisha kutokea. Kilima kinachoonekana kule mbele hakipo kwake mpaka gari lianze kulemewa. Mtakatifu Thoma wa Akwino, akimfuata Isidori wa Seville, alieleza kwamba mwenye busara ni mtu anayeona mbali, na akaweka kuyaona yajayo miongoni mwa sehemu kuu za busara. Kwa kipimo hicho giaboksi inaweza kuwa hodari sana, tena haraka kuliko mkono wowote, bila kuwa na busara hata kidogo. Kitufe cha O/D ni mahali palipoachwa wazi kwa ajili ya macho ya mtu.

Lakini kuona peke yake hakutoshi kuleta dhamana, na hapa Musonoi ina neno lake. Katika mtaa huo wa wafanyakazi wa kampuni ya madini ya Union Minière, kando ya migodi ya Kolwezi, padri Mfransisko Placide Tempels alianza kazi mwaka 1953, na hapo ikachipuka Jamaa, jumuiya ya wafanyakazi na wake zao iliyojenga mafundisho yake, kwa Kiswahili, juu ya maneno matatu: uzima, uzazi na mapendo. Mwaka 1945 kitabu cha Tempels juu ya falsafa ya Kibantu kilikuwa kimetoka kwa Kifaransa huko Elisabethville, Lubumbashi ya leo, kikidai kwamba kuwapo ni kuwa nguvu, na kwamba nguvu ya mmoja huizidisha au huipunguza ya mwenzake. Mwanafalsafa Paulin Hountondji wa Benin alimpinga, na kwa haki: huwezi kuwabebesha mamilioni ya watu wazo moja ukaliita falsafa yao wote. Naukubali ukosoaji huo. Hata hivyo dai lile la pili halihitaji kuwa la Wabantu wote ili liwe kweli. Injini ina nguvu, haina uzima. Abiria watano waliobanana kwenye taksi wana uzima, na uzima wao unapungua au unasalimika kwa uamuzi wa aliyeshika usukani. Giaboksi haiwezi kuwa na deni kwao.

Atasema mtu kwamba magari mengi mapya hayana kitufe hicho, kompyuta zake huhisi mwinuko zenyewe. Ni kweli, na nyingi hufanya kazi nzuri. Ila kwa kawaida huhisi mwinuko ulio chini ya magurudumu. Lori la shaba linalojikokota nyuma ya kona halimo ndani ya hesabu zao. Na hata ikipatikana siku moja mashine inayoona yote, mjane wa aliyekufa ajalini hatakuwa na la kuiuliza, kwa kuwa haiwezi kumjibu. Wengine watasema mlinzi wa safari ni Mungu. Nami nasadiki hivyo. Lakini Yesu, alipowekwa juu ya kinara cha hekalu, alikataa kujitupa chini ili malaika wamdake, na Waislamu wanaijua hadithi ya yule aliyeambiwa na Mtume amfunge kwanza ngamia wake ndipo ategemee. Anayeteremka na O/D huku akiomba breki zishike anaomba asamehewe kazi aliyopewa yeye.

Basi ndugu shofere unayetoka Kolwezi kwenda Likasi, barabara ikiwa tambarare iache O/D ifanye kazi. Ukiona mwinuko mrefu mbele yako, au umepakia mzigo mzito, au mteremko unakungoja, izime kabla hujaufikia, wala usiirudishe mpaka ufike tambarare.