Asiyekula Kabla ya Kusema

Mavuno yakishauzwa, pale kwetu Endasak hukosi kumwona kijana amesimama kando ya barabara na begi lake, mama yake akimnyoosha kola, wakisubiri basi la Babati. Anakwenda Dodoma, amepata chuo, au kazi. Fedha alizobeba ni magunia ya mahindi, alizeti na mbaazi. Wazazi wamemfanyia yote waliyoweza. Lakini kumtafutia chumba mjini hawawezi, na huko atakuwa mikononi mwa dalali asiyemjua.

Tangu Serikali ihamie Dodoma, na mji ule kupewa hadhi ya jiji mwaka 2018, wanaotafuta vyumba wamekuwa wengi. Mwenye nyumba anaweza kutaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, au hata ya mwaka. Dalali naye, kwa mazoea, huchukua sawa na kodi ya mwezi mmoja. Wapo madalali wanaokula jasho lao kwa haki, wakizunguka juani na mteja kutoka Nkuhungu hadi Ipagala. Wapo pia wanaodai hela kwa kila mlango wanaoonyesha, na wanaopokea kodi ya chumba kimoja kutoka kwa watu watatu, kisha simu haipatikani. Je, tutamtambuaje mwaminifu?

Tumtazame mtumishi wa Ibrahimu katika Mwanzo sura ya 24. Alitumwa nchi ya mbali kumtafutia Isaka mke; naye, kama dalali, alisimama kati ya watu wasiojuana. Kisimani aliomba kwanza. Akamtazama Rebeka kwa utulivu, bila papara. Alipokaribishwa nyumbani na kuandaliwa chakula, alikataa kula mpaka aseme alichotumwa. Akamtaja bwana wake, akaeleza habari yote, na Rebeka mwenyewe akaulizwa kama yuko tayari kwenda.

Hakula kabla ya kusema. Hapo ndipo uaminifu unapoonekana, mpendwa. Dalali mwema hutaja ujira wake kabla hamjaanza kutembea. Humtaja mwenye nyumba na kukukutanisha naye. Hadai malipo kwa picha za kwenye simu. Basi mfundishe mwanao kukiona chumba kwa macho yake, kuuliza kwa mjumbe au ofisi ya serikali ya mtaa nyumba ni ya nani, na kutotoa kodi kabla ya mkataba kusainiwa na mwenye nyumba. Aulize pia kama LUKU ni yake peke yake au ni ya nyumba nzima. Maswali haya hayamvunjii mtu heshima. Mwaminifu huyapokea kwa furaha, kwa kuwa hana cha kuficha.

Na sisi tusio madalali, je? Pengine jirani amekupa gunia lake ukamuuzie mnadani. Pengine unatunza fedha za kikundi, au mtu amekutumia hela kwenye simu umpelekee bibi yake dawa. Uliporudi kutoka mnadani, ulitaja bei uliyouzia kweli? Kiasi kilipokuwa kidogo, moyo wako ulikuambia nini? Mungu hukulea katika uaminifu kwa mambo madogo kama hayo, siku baada ya siku, wala hachoki nawe.

Kama wewe ndiye uliyetapeliwa, maumivu yako ni ya haki. Toa taarifa polisi. Kusamehe hakukuzuii kudai haki, na taarifa yako inaweza kumwokoa mwingine. Ila usiipangishe chuki chumba moyoni mwako, maana ikishaingia, kodi utalipa wewe. Mwombee aliyekukosea. Zakayo wa Yeriko alijitajirisha kwa kudhulumu watu, lakini siku aliyompokea Yesu nyumbani kwake aliahidi kurudisha mara nne. Mtu wa namna hiyo bado anaweza kubadilika.

Nina ombi kwenu, ndugu zetu wa Endasak mnaoishi tayari Dodoma, Arusha au Babati. Kijana wa nyumbani akifika, mpokeeni kwa siku chache, hata kama ni kwenye godoro la sebuleni. Tembeeni naye, mumpeleke kwa dalali mnayemjua kwa matendo yake. Na wewe mzazi, wiki hii mpigie simu mmoja wao, umkabidhi mwanao kwa jina.