Mtu wa Njiani na Taifa Lake

Msafiri atokaye Singida kwenda Nzega hufika mahali ambapo nchi ya juu yakoma ghafula, na barabara yashuka mlima wa Sekenke mpaka mbuga ya Wembere. Malori ya kwenda Rwanda, Burundi na Kongo hupita hapo, na mengi yamepata kuharibika au kupinduka penye makona yake. Hapo ndipo basi letu lilipokwama jioni moja, nasi tulikuwa na kiu na hasira.

Akaja mtu mwenye madumu ya maji, akatuuzia kwa bei maradufu. Abiria mmoja akasema, "Ndivyo walivyo Wanyiramba." Nasi tukaitikia kwa kichwa, twakiri jambo hili kwa haya. Hakuna aliyemwuliza mtu yule kabila lake. Baada ya saa mbili likasimama lori lenye nambari za Burundi. Dereva wake akashuka na tochi, akalala chini ya basi letu pamoja na dereva wetu hata likatengenezeka, akakataa fedha. Abiria yule yule akasema, "Warundi ni watu wema sana." Tukaitikia tena.

Je, hukumu hii ya pili ilikuwa bora kuliko ile ya kwanza? Wengi watajibu ndiyo, kwa kuwa ni ya sifa. Sisi twaona ya kuwa zote mbili ni watoto wa mama mmoja. Amsifuye Mrundi leo kwa ajili ya mtu mmoja, atamlaani kesho kwa ajili ya mwingine, maana kipimo chake ni kile kile. Wachimbaji wa Sekenke wangemcheka. Dhahabu ya huko ilianza kuchimbwa na Wadachi kabla ya vita ya 1914, na mwaka 1916 ikapigwa sarafu za rupia 15 huko Tabora. Walakini hakuna mchimbaji aliyepata kuusifu mlima mzima kwa jiwe moja. Huchukua mawe huku na huku, akayaponda, akayaosha, ndipo aseme neno.

Tena tufikiri ni watu gani aonao msafiri. Huwaona wauzao, wabebao mizigo, na wasimamishao magari. Hao wamekaa kando ya barabara kwa sababu ya wageni. Mwenye kulima mtama wake nyuma ya kilima haonekani, na yule mama ambaye angempa maji bure hajui ya kuwa basi limekwama. Na sisi wenyewe, je, tulikuwa watu gani jioni ile? Wenye kiu hawana macho mazuri.

Januari 1875 Mwingereza Henry Morton Stanley alipita katika nchi ya Waturu, msafara wake ukiwa na njaa na wagonjwa wengi. Penye Vinyata walipigana na wenyeji siku kadhaa, wakafa watu wa pande zote mbili. Habari hizo zikaandikwa katika kitabu kilichotolewa mwaka 1878, na watu wa Ulaya ambao hawakupata kumwona Mturu hata mmoja wakawajua Waturu kwa siku zile chache tu. Waturu hawakuandika kitabu juu ya wageni wale. Lakini twadhani walisimuliana usiku mwingi, na wageni hawakusifiwa.

Katika Injili ya Luka, mlango wa 9, kijiji cha Wasamaria chakataa kumpokea Bwana, na Yakobo na Yohana wataka moto ushuke ukiteketeze. Katika mlango wa 10 twasoma habari ya Msamaria wa njia ya Yeriko. Wanafunzi wale walinyimwa malazi kweli, hawakusingizia. Wala mfano ule hausemi ya kuwa Wasamaria wote ni wema. Wasema juu ya mtu mmoja na alilolitenda. Na mwanasheria alipoulizwa ni nani aliyekuwa jirani, hakutaja kabila, alitaja huruma.

Lakini mtu atasema, "Basi safari hazifundishi kitu?" Zafundisha, kama mtu akirudi. Wapagazi wa Kinyamwezi walishuka pwani mara nyingi, wakipita kwa Wazaramo, wakigombana na kupatana, na watu husema ya kuwa ndiko utani wao ulikotoka. Hata leo Mzaramo humtukana Mnyamwezi usoni pake, na Mnyamwezi humrudishia. Tena mmoja akifiwa, mtani wake ana kazi yake pale msibani. Matusi ya namna hiyo twayapenda kuliko sifa za abiria wetu.

Mwaka uliofuata tulipita tena Sekenke, tukamkuta mwuza maji. Tukamwuliza sababu ya bei yake. Akatuonyesha baiskeli yenye gurudumu lililopinda, na bonde la mbali alikoyateka. Naye si Mnyiramba. Ni Msukuma aliyekuja kutafuta dhahabu akaikosa. Dereva yule mwema hatukumwona tena. Lori lake lilikuwa na nambari za Burundi, lakini tukikumbuka matamshi yake twadhani alikuwa mtu wa Kigoma.