Watu Wasioijua Kesho Yao

Wiki hii kuna neno lililonikaa rohoni likakataa kutoka, na aliyelisema ni mzee ninayemheshimu, maalim mstaafu aliyewasomesha historia vijana wa mtaa wetu hata leo wengine wao ni mababu. Tulikuwa barazani baada ya sala ya alasiri, kahawa inapita, mazungumzo ya bei ya mchele yamekwisha na ya siasa hayajaanza, naye akakitwaa kitabu kilichokuwa kando yangu, hicho cha Aniceti Kitereza kinachosimulia habari za Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, akakipima uzito kwa mkono kama apimaye changu sokoni, akakifungua katikati, akasoma kimya kimya mistari michache, kisha akakifunga na kuniuliza kwa upole unaochoma: "Hivi mwanangu, kwa umri huo bado wasoma ngano?"

Wenzetu wakacheka. Nikamjibu, "Maalim, hizi ni habari za watu wa Ukerewe wa zamani." Akatikisa kichwa. "Habari za zamani zina vitabu vyake," akasema. "Ngano zina wajukuu."

Hoja yake si dhaifu, na mwenye insafu hana budi kuikubali kwanza kabla ya kuipinga. Mwandishi wa tarikhi hufungwa na ushahidi, na asipoupata hunyamaza. Ilhali mtunzi wa riwaya hujitwalia ruhusa ya kumtia maneno kinywani mtu aliyekwisha kuwa udongo, akampa hasira, mapenzi na ndoto za usiku, na msomaji asiye na hadhari huondoka akidhani amepewa ushahidi kumbe amepewa dhana. Wako vijana ambao mgomo wa makuli wa Unguja wa mwaka 1948 wameujua katika Kuli ya Adam Shafi tu, wala hawajapata kuuliza kama Rashidi, mhusika wake mkuu, alipata kuzaliwa. Hayo nayakubali. Nisiloweza kulikubali ni kwamba kitu kilichobuniwa ni cha watoto, kana kwamba mtu mzima amekwisha kushiba ujuzi wa watu wenziwe na kilichobaki ni kuhifadhi miaka na majina ya magavana.

Kitereza alizaliwa mwaka 1896, na kitabu chake alikimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945, azma yake ikiwa kuhifadhi maisha na desturi za wazee wake ambazo aliziona zikififia mbele ya macho yake. Mswada ukakaa miaka na miaka pasi na mchapaji, hata yeye mwenyewe, uzeeni, akaufasiri kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House ikautoa mwaka 1980. Mwaka uliofuata akafariki dunia. Hadithi yenyewe yaanza kwa jambo dogo. Myombekere na mkewe wanapendana na hawajajaliwa mtoto. Jamaa za mume wanamsimanga mke. Wazazi wake wanaghadhibika na kumchukua binti yao. Na mume hana njia ila kwenda kwa wakwe kuomba radhi, nao wakamtoza pombe ya ndizi.

Mwandishi mwenye haraka angaliliandika hilo kwa sentensi moja akapita. Kitereza hapiti. Anatuingiza migombani, ndizi zikatwe, zivundikwe shimoni, zingojewe ziive, zimenywe, zikamuliwe kwa nyasi, maji yake yatiwe mtama, na siku zipite. Na wewe msomaji, ambaye hapo kwanza ulikuwa na pupa ya kujua kama Bugonoka atarudi, unajikuta umelazimika kungoja kama alivyongoja mumewe, kwa kuwa pombe haiharakishwi na bila ya pombe hakuna mke. Kitabu cha tarikhi kingalitwambia kwamba mwanamume wa Ukerewe aliyewaudhi wakweze alitozwa faini, na ungekuwa ukweli mtupu. Lakini uzito wa faini ile, aibu ya mtu mzima kushinda migombani kwa ajili ya ndimi za jamaa zake, haukai katika sentensi kama hiyo hata uibane vipi.

Na liko jambo jingine, ambalo kwangu ndilo kubwa. Watu wa Kitereza hawaijui kesho yao. Sisi tunaosoma tunajua kwamba Mdachi atakuja, na baada yake Mwingereza, na kwamba desturi hizi zote zitapatwa na msukosuko. Wao wanajua tu kwamba mvua imekawia na kwamba mgonjwa hajapata nafuu. Maalim alipokuwa akitusomesha, kila tukio lilikuwa limekwisha kujua linakokwenda, na wahusika wote walikuwa wakitembea kuelekea mtihani wa mwisho wa mwaka. Lakini hakuna mja aliyepata kuishi hivyo.

Kwa mizani hiyohiyo nimesoma tena Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja, iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 1994 na ambayo Ida Hadjivayanis ameifasiri kwa Kiswahili, ikachapishwa mwaka 2022, baada ya mwandishi kutunukiwa Nobeli mwaka 2021. Yusuf ana miaka 12, naye anachukuliwa na tajiri Aziz, ambaye humwita ami, kumbe babake amemweka rehani kwa deni. Mwanzoni kabisa anawaona Wazungu wawili kwenye kituo cha reli. Mtunzi mwingine angalipiga ngoma hapo ili tujue kwamba zama zinageuka. Yusuf anawakodolea macho kama mtoto yeyote, kisha anarudi kwenye njaa yake na kwenye sarafu ambayo ami humpa kila anapozuru. Aziz mwenyewe, hodari wa hesabu na misafara, anahisi biashara haiendi kama zamani. Kwamba vita vya 1914 viko mlangoni hawezi kujua.

Sasa twaa Uhuru wa Watumwa wa James Mbotela, uliochapishwa mwaka 1934, ambao wengi huuhesabu kuwa riwaya ya kwanza ya Kiswahili. Ni habari za watu waliotekwa bara, wakaokolewa na Waingereza, wakawekwa Freretown, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa. Kitabu hiki kinajua mwisho wake tangu ukurasa wa kwanza, na kila dhiki inayomfika mtu imewekwa hapo ili shukrani ya baadaye izidi utamu. Nitaambiwa: babake mwandishi alikuwa mmoja wa watumwa hao, wewe uliyezaliwa huru una haki gani ya kumhukumu mwana kwa kumshukuru aliyemfungua babake minyororo? Sina, na shukrani yake siigusi. Lakini shukrani ni jambo moja na kusimulia zamani ni jingine, na mtu aliyefungwa katika jahazi usiku, asiyejua kama kutakucha, amenyimwa humo usiku wake.

Adam Shafi naye hakusalimika. Kuli ilitoka mwaka 1979, na mara kwa mara nasikia makuli wa 1948 wakisema kama watu waliokwisha kusikia habari za mapinduzi ya Januari 1964. Miaka 20 baadaye, katika Vuta N'kuvute, kalamu imetulia. Yasmin anamkimbia mume mzee aliyeozwa kwa nguvu, anahifadhiwa na Mwajuma katika nyumba ya kimaskini, na mapenzi yanamtumbukiza katika harakati za mpenzi wake Denge na wenziwe za kumpinga mkoloni, ambazo yeye hakuzitafuta wala hazielewi vyema. Anazielewa kidogokidogo na kwa makosa, na humo ndimo ninamouona mji wa Unguja wa miaka ya hamsini kuliko katika ripoti yoyote ya serikali niliyopata kuisoma.

Anayetaka kuonja, na aanze na Vuta N'kuvute, ambayo haimchoshi mtu, kisha Peponi. Kitereza amwekee msimu wa mvua, maana ni mnene. Na akifika penye pombe ya ndizi, asiruke kurasa.