Thumuni ya Mama Iko Wapi?



Ndugu zangu, wazee wangu, na nyinyi mama zetu mlio nyuma ya pazia. Juzi tumemzika mama mmoja wa huku kwetu Mangobo. Jina lake silitaji. Anayemjua anamjua, na aibu nitakayoisema si yake. Alipita miaka 80. Aliolewa akiwa msichana, akakaa na mume mmoja hadi mume akamtangulia, akazaa, akalea wake na wa ndugu zake, na kwa vizazi vitatu hakuna aliyelala njaa kwenye ua ule akiwa yeye ana nguvu ya kuwasha jiko. Siku ya tatu ya matanga, hitima haijasomwa, watoto wake walishikana mashati kwa sababu ya parseli, kile kiwanja chenye nyumba ya wazazi wao. Mwanamume mwenye mvi kidevuni alimrushia dada yake kiti cha plastiki, kiti cha kukodi. Nilikuwapo. Misahafu ilikuwa wazi kwenye mkeka, na vijana wa madrasa wakaacha kusoma wakawa wanatazama.

Tangu siku ile mtaa mzima unazungumzia kile kiti. Mimi kiti hakinisumbui sana. Watu wakigombana huja wazee wakawapatanisha. Kinachonisumbua ni jambo la zamani zaidi, lililofanyika kimya kimya, bila kelele na bila kiti kurushwa, na sisi sote tukaliona la kawaida. Parseli ile waliyokuwa wakiigombania, sehemu yake ilikuwa ya mama mwenyewe tangu siku mumewe alipokufa. Ni nani aliyempimia? Hakuna. Imamu hakuuliza, wazee hawakuuliza, watoto ndio kabisa. Walimwambia, "Mama, wewe kaa tu, hapa ni kwako," huku karatasi zinaandikwa jina la mtoto wa kwanza, vyumba vya mbele vinapangishwa, na kodi inaingia mfukoni mwa mwingine. Mama aliyejenga nyumba ile akawa anaomba pesa ya sabuni.

Nasema aliyejenga, na najua ninalosema. Wenye umri wangu wanamkumbuka na beseni lake la mikate alfajiri, anakaanga kwa mafuta ya mawese kabla ya adhana ya pili, vidole vimekauka kwa kuepua masufuria bila kitambaa. Mabati ya kwanza ya nyumba ile yalitoka kwenye beseni lile. Surat An-Nisaa, aya ya 32, Mwenyezi Mungu anasema wanawake wana fungu katika walichokichuma. Kwa hiyo kabla hatujafika kwenye mirathi, kuna mali iliyokuwa yake tangu mwanzo, si ya marehemu mumewe, wala haikupaswa kuingizwa kwenye hesabu ya urithi wa mtu. Hilo nalo hakuna aliyeuliza.

Mnaikumbuka habari ya mjane wa Saad bin Rabii? Nitaisimulia yote, kwa sababu tunaipenda aya ya mirathi na hatukumbuki ni nani aliyelia ikateremka. Saad alikuwa Answari, mtu wa Madina, mwenye mali na moyo. Ndiye aliyemwambia Abdurrahman bin Auf, mhajiri aliyefika mikono mitupu, kwamba yuko tayari kumgawia nusu ya mali yake. Akatoka kwenda vita vya Uhud, mwaka wa tatu wa Hijra, akauawa huko. Akaacha mke na mabinti wawili. Maiti imezikwa, akaja ndugu wa Saad akachukua mali yote, kwa ile mila ya Waarabu kwamba anayerithi ni yule anayeweza kubeba upanga. Yule mama hakukaa ndani kulia. Aliwashika mabinti zake mkono, mmoja huku na mmoja huku, akaenda nao hadi kwa Mtume, rehema na amani zimfikie, akamweleza: hawa ni watoto wa Saad, baba yao ameuawa akiwa pamoja nawe Uhud, na ami yao amechukua mali yao hakuwaachia kitu, nao hawataolewa bila mali. Mtume akamwambia kwamba Mwenyezi Mungu atalihukumu jambo hilo. Ikashuka aya. Akaitwa yule ami, akaamriwa: wape mabinti wa Saad thuluthi mbili, mpe mama yao thumuni, kinachobaki ndicho chako.

Mpe mama yao thumuni. Haikusemwa mwachie akae kwa hisani, wala mnunulie kitenge siku ya Idi. Sehemu moja ya nane ikiwa mume ameacha watoto, robo ikiwa hakuacha, baada ya wasia na madeni. Imeandikwa katika aya ya 12 ya sura ile ile, na aliyeiandika si kadhi wala bwana ardhi. Kama nyumba na kiwanja ni dola 16,000, basi dola 2,000 ni za mama. Ni hesabu ya mtoto wa shule ya msingi. Kisangani hii, ambamo Waislamu wameswali tangu siku za Tippu Tip, ni wajane wangapi wamewahi kuhesabiwa hivyo? Nyamazeni, msinijibu. Kila mtu aangalie ua wa kwao.

Tena aya inasema madeni kwanza. Deni la kwanza la wanaume wengi wanaokufa hapa ni mahari. Siku ya nikaha tunataja mbele ya mashahidi: kadhaa taslimu, kadhaa itabaki. Ile itakayobaki inabaki miaka 50. Mke anazaa nayo, anazeeka nayo, mume anakufa nayo shingoni. Na Mtume aliletewa jeneza akauliza kama marehemu ana deni, akaambiwa dinari mbili, akakataa kumswalia hadi Abu Qatada aliposimama akasema, "Ni juu yangu." Kesho yake Mtume akamuuliza: zile dinari mbili zimefanya nini? Akarudia kuuliza, hadi siku Abu Qatada alipojibu kwamba amelipa. Ndipo akaambiwa kuwa sasa ngozi ya maiti imepoa. Dinari mbili! Nyinyi baba yenu mnamsomea Yasini kila Alhamisi, na mwenye kumdai alikuwa kwenye chumba cha nyuma, hamkuenda kumuuliza.

Kuna wanaosema mama hakudai. Ni kweli, hakudai. Mama aliyekupa ziwa lake hawezi kukufikisha kwa mzee wa mtaa. Ukimya wake mmeufanya hati ya umiliki. Wengine wanasema ni mila, mali ya baba ni ya watoto. Mila ya nani? Ya yule ami wa Saad. Hata sheria ya nchi hii, Sheria ya Familia ya tarehe 1 Agosti 1987, inamhesabu mjane kuwa mrithi na kumpa haki ya kuendelea kukaa katika nyumba aliyoishi na mumewe. Serikali isiyosoma Surat An-Nisaa imemwona mjane. Nyinyi mnaoisoma kwa tajwidi hamkumwona.

Na wako wanaosema, na hili limesemwa kwenye matanga yale yale, kwamba mama hakuwa na kazi, alikuwa wa nyumbani tu. Mtu aliyesema hivyo alizaliwa akaoshwa, akalishwa, akapelekwa madrasa na mtu asiyekuwa na kazi! Juni 2000, tarehe 5 hadi 10, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigania mji huu ambao si wao, na mabomu yakawa yanaangukia nyumba zetu, ni nani aliyewalaza chini ya vitanda na kuwagawia mihogo mikavu kwa kipimo ili ifike kesho? Leo, baada ya mahakama ya Hague kuamua tarehe 9 Februari 2022 kwamba Uganda ilipe fidia ya dola milioni 325, watoto wamekumbuka ghafla kwamba mama aliumia siku zile. Wamemtafutia karatasi, wamempiga picha. Alipokuwa hawezi kupanda toleka, baiskeli ya abiria, kwenda kutibiwa kwa sababu kiuno kimekwisha, hakuonekana wa kumsindikiza. Alipokufa, fulana zenye picha yake zilipatikana kwa siku moja, na spika, na hema mbili.

Mji huu una tabia hiyo, si sisi Waislamu peke yetu. Juni 2022, jino la Patrice Lumumba liliporudishwa kutoka Ubelgiji na kupitishwa hapa, watu walijaa barabarani, na walikuwa na haki kujaa. Lakini mlimsikia nani akimtaja mkewe, Pauline Opango? Lumumba alimwoa mwaka 1951, alipokuwa karani wa posta hapa hapa, mji ungali Stanleyville. Mume akafungwa mwaka 1956, akatoka mwaka uliofuata, na nyumba ilikuwa na watoto wa kula. Januari 1961 mume akauawa, Pauline akawa mjane, ana miaka 24, na hata kaburi la mumewe hakupewa. Akatembea Léopoldville kwa maombolezo akidai mwili. Akaenda kulea watoto Kairo, ugenini, akaishi hadi tarehe 23 Desemba 2014, alipofariki Kinshasa. Zaidi ya nusu karne ya ujane. Hakuwa wa dini yetu, ila uadilifu hatukuamriwa kuwafanyia Waislamu tu, na anayetaka kujua tunavyowaweka wake wa wanaume wakubwa aangalie tulivyomweka yeye.

Mtume wetu hakuwa hivyo. Bibi Khadija amekwisha kufa, Mtume yuko Madina, ana wake wengine, ana utawala na vita, na bado akichinja mbuzi anaagiza nyama ipelekwe kwa marafiki wa Khadija. Baada ya vita vya Badri, binti yake Zainabu alipeleka mkufu kumkomboa mumewe aliyetekwa, mkufu ambao Khadija alimpa siku ya harusi. Mtume akauona mkononi mwa watu, akaingiwa na huruma kubwa, akawaomba masahaba, kama wataona vema, wamwachie mateka na wamrudishie binti mkufu wake. Angalieni adabu hiyo: yeye ni Mtume, na mkufu ni wa marehemu mkewe, lakini aliomba. Ni haki ya wapiganaji, basi anaomba. Hapa kwetu hereni za mama zimegawanywa kabla maiti haijaoshwa, na binti wa mwisho aliyemwogesha na kumbadilisha nguo miaka yote ya maradhi akaambiwa yeye ameolewa, arudi kwa mumewe.

Wanangu, nyinyi wenye parseli ile, mnanisikia, mmekaa safu ya pili. Sikuwaita hapa kuwaaibisha, na nimewapenda tangu mkiwa wadogo, mnakuja kula futari mnasahau viatu. Haki ya mama yenu haikufa naye. Mahari yake, ile pesa yake ya mabati na thumuni yake sasa ni urithi wake, unagawanywa kwa watoto wake wote, mwanamume mafungu mawili na mwanamke fungu moja, na hakuna dada wa kuambiwa arudi kwa mumewe. Kodi iliyopokelewa miaka yote kwa fungu lake ni deni juu ya aliyeila. Tutaihesabu.

Na wengine msifurahie, mkidhani mahubiri ni ya safu ya pili. Ambaye baba yake amekufa na mama yake yu hai, aje naye. Jumapili baada ya alasiri tutakaa na wazee hapa msikitini, na mwalimu wa mirathi atakuwepo na daftari. Mje na karatasi za parseli, na shahidi wa nikaha kama yu hai. Mama asiyeweza kutembea tutamtumia vijana wamlete, nauli ya toleka ni juu ya msikiti. Mwanamume atakayekuja bila dada zake tutamrudisha akawachukue.