Nasaha za Siku ya Kuagana

Kila mwaka, kabla ya mtihani wa Kidato cha Nne wa mwezi wa Novemba, shule zetu hufanya mahafali. Wazazi hutoka mbali, kwaya huimba, kisha mkuu wa shule husimama kuwapa vijana maneno ya kuagana. Ndivyo ilivyo huko Kihanga, wilaya ya Karagwe, kama ilivyo nchini kote. Leo twapenda kuyapima maneno hayo, maana neno la mkubwa mbele ya wazazi na watoto lina uzito wa ahadi.

Maneno yenyewe twayajua. Mmoja husema: "Someni mkawe wakubwa, msirudi huku kushika jembe." Mwingine husema: "Ajira hakuna, rudini shambani mkajiajiri." Kila moja lina ukweli wake. Lakini likisemwa peke yake, hudhuru.

Tulitazame la kwanza. Katika Karagwe na Kyerwa, wilaya zilizokuwa moja hadi 2012, nyumba nyingi huishi kwa migomba, kahawa na maharage. Sare na madaftari ya kijana yametoka katika kahawa hiyo. Ukimwambia kwamba jembe ni aibu, umemwambia kwamba mama yake ni aibu. Tena umekwisha kumhukumu yule ambaye alama zake hazitamfikisha Kidato cha Tano: atarudi nyumbani ameinama kama mwizi, hali hakuiba kitu. Mwalimu Nyerere aliionya nchi juu ya jambo hili katika Elimu ya Kujitegemea, Machi 1967. Alitaka kila daraja la shule liwe maandalizi kamili ya maisha, lisiwe chujio la kuwapata wachache wa kupanda juu.

Na la pili je? Latoka mara nyingi vinywani mwa watu wasioliambia watoto wao. Mwana wake yuko chuo kikuu. Mwana wa jirani ndiye anayeambiwa kwamba jembe lina heshima. Tena kijana atajiajiri kwa kitu gani? Kibanja ni cha baba, na baba hajagawa. Kwa binti mambo ni mazito zaidi, kwani katika nyumba nyingi ardhi ya ukoo ikigawanywa yeye hahesabiwi. Kumwambia mtu alime, nawe humpi pa kulima, ni kumfukuza kwa maneno matamu.

Marehemu Askofu Christopher Mwoleka, aliyeliongoza Jimbo la Rulenge tangu 1969 hadi 1996, alipowahimiza watu waishi kijamaa hakubaki kuwatazama kwa mbali. Alikwenda kukaa nao kijijini na kulima nao. Hatusemi kila mshauri afanye vivyo hivyo. Twasema tu kwamba nasaha hupata haki ya kusikilizwa pale mwenye kuitoa anapokubali kubeba sehemu ya mzigo wake.

Basi kipimo chetu ni hiki: usimpe mtoto wa mwenzio shauri usiloweza kumpa wa kwako. Mtu atauliza: mkuu wa shule ana ardhi ya kugawa? Hana. Lakini wenye ardhi wameketi mbele yake siku ile, nao hawaambiwi neno. Yafaa ageuke, awaachie vijana kwa kitambo, aseme na wazazi: atakayefaulu msimtume mjini akawasahau, atakayerudi mpokeeni kama mtu aliyesoma, mumpe kazi yenye mapato yake na sauti katika mambo ya nyumba.

Matokeo kwa kawaida hutoka Januari, na siku hiyo hasira huwa nyingi na busara huwa chache. Kwa hiyo twawasihi akina baba: msingoje siku hiyo. Sasa hivi, kabla hamjajua nani amefaulu na nani hakufaulu, tembeeni na watoto wenu shambani, wana na mabinti, mkawaonyeshe mpaka wa sehemu yao.