Kalamu ya Binti wa Mfalme

Yako maneno tuyasikiayo katika baraza za Mji wa Kale, kwamba mwanamke akipewa kalamu hupotea. Na mfano utolewao ni Sayyida Salme binti Said. Twataka kuutazama mfano huo kwa insafu, kwani ndani yake mna mas-ala ya wajibu wa mzazi.

Salme alizaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni, Unguja. Babake ni Sayyid Said bin Sultan, yule aliyeitwaa Mombasa mikononi mwa Mazrui mwaka 1837. Mabinti wa jumba lile walisomeshwa Qurani, lakini hawakufunzwa kuandika. Salme akajifunza kwa siri, akizinakili herufi za Msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Mwaka 1859 Sayyid Barghash alipomwasi nduguye Sayyid Majid, mwandishi wa waasi alikuwa binti huyo wa miaka 15. Uasi ulishindwa, naye baadaye akajuta. Mwaka 1866 aliondoka Unguja. Mwaka 1867, huko Aden, akabatizwa na kuolewa na mfanyabiashara Mdachi. Kitabu cha maisha yake kilitoka Ujerumani mwaka 1886, na huko ndiko alikofia mwaka 1924.

Basi husemwa: tazameni kalamu ilikomfikisha! Nasi twauliza: ni kalamu, au ni upweke wa aliyeishika? Alijifunza herufi kwa kujificha, na mwenye kujificha hana wa kumwambia kuwa mkono huandika, na mwenye mkono ataulizwa.

Zama zizo hizo, mwaka 1858, Mwana Kupona binti Msham, mzaliwa wa Pate, alimtungia binti yake utenzi wa wasia, nao wasomwa pwani hata leo. Na kabla yao wote, Bi Shifaa binti Abdillahi alimfunza kuandika Bibi Hafsa, mkewe Mtume wetu. Na ni Bibi Hafsa aliyewekewa amana ya sahifa za Qurani. Lau kalamu ingekuwa ni fitina, je, amana ile ingewekwa kwake?

Hatusemi kwamba Salme angefundishwa asingeondoka; hayo ni ya ghaibu. Twasema kwamba aliyemnyima mwana mwalimu hana haki ya kuilaumu kalamu.

Marehemu Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, aliyetoa gazeti la Al-Islah hapa Mombasa mwaka 1932, aliwahimiza Waislamu kuwasomesha mabinti zao. Leo kalamu haikatazwi tena. Lakini twawapa mabinti simu, wakaandika usiku kucha, nasi hatujui waandikalo, wala hatukupata kuketi nao. Je, hilo lina tofauti gani na mfupa wa ngamia?

Basi, ndugu yetu mzazi, usiulize tu binti yako ashika nini mkononi. Jiulize ni nani aliyeketi naye.

Mwenyezi Mungu atuwafikishe.