Hesabu ya Upande Mmoja

Anayewatafuta jamaa zake wa mbali kati ya Unguja na Maskati huanza na mlolongo wa majina: fulani bin fulani bin fulani. Mapinduzi ya Januari 1964 yalizitawanya familia nyingi. Tangu Sultani Qaboos aliposhika madaraka mwaka 1970 na kuwaita wenye asili ya Oman warejee, majina hayo yamewakutanisha watu wengi. Kijana wa Dar es Salaam anawataja baba zake mpaka wa sita, na mzee wa Maskati asiyewahi kumwona anadakia jina la saba. Hapo hapo anaitwa mwanangu, na wa ndani wanaambiwa waongeze mchele.

Furaha ile naiheshimu sana. Lakini jamaa huyu tumemgundua au tumemchagua? Ukirudi nyuma vizazi kumi, una nafasi 1,024 za wahenga. Mlolongo wa akina bin unamtaja mmoja tu.

Sayyida Salme, binti wa Sultani Said bin Sultan, aliyezaliwa Unguja mwaka 1844 na baadaye akajulikana kama Emily Ruete, aliweza kuhesabu upande wa baba yake hadi kwa maimamu wa Oman. Mama yake, Jilfidan, alikuwa suria kutoka Circassia. Katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1886, Salme anaeleza kuwa wavamizi waliwaua wazazi wa Jilfidan, kisha wakawabeba watoto watatu juu ya farasi, kila mvamizi na wake. Mdogo wao, wa miaka mitatu, alilia akimtaka mama mpaka jioni, ndipo njia zikaachana. Jilfidan hakupata tena habari zake wala za kaka yao.

Tuseme yule mdogo alikua, akaolewa, akazaa. Wajukuu zake ni jamaa wa wajukuu wa Salme kwa haki ileile inayowaunganisha hawa na masultani, hata kama hakuna duniani anayelijua jambo hilo. Undugu, basi, hutangulia ushahidi wake. Utafiti hauuumbi, unaukuta, au unaukosa.

Vipimo vya vinasaba navyo vina kikomo. Watu waliotokana na babu wa babu mmoja, kwa matawi tofauti, mara moja katika kumi hivi hawaonyeshi kipande chochote wanachochangia. Ni ndugu kweli, na damu imeshasahau.

Masuria wengi wa pwani yetu hawakutoka mbali kama Jilfidan. Walitoka Unyasa, Uyao, Manyema. Mtoto wa suria aliyekubaliwa na baba yake alizaliwa huru na kubeba jina la baba. Kwa mtoto ilikuwa rehema, lakini watu wa mama yake walifutika humo humo. Mama mwenyewe mara nyingi alikuwa ameshapewa jina jipya. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na amri ya mwaka 1897 iliyoondoa hadhi ya kisheria ya utumwa ikawaacha masuria kando, kana kwamba wao walikuwa wake tu. Kwa hiyo shajara tunazozitunza kwa fahari ziliandikwa na watu waliokwisha kuamua nani ahesabiwe.

Najua nitaambiwa undugu ni kufaana, si kufanana, na kwamba majina ya marehemu hayamlishi mtu. Nakubali nusu. Lakini kufaana nako huanza na kuhesabiwa: hakuna anayempelekea taarifa ya msiba mtu asiyejua kama yupo.

Basi anapokuja mtu kutoka Songea au Lindi, akasema dada wa bibi wa bibi yake alichukuliwa utotoni na inasemekana aliishia katika nyumba ya ukoo fulani wa Unguja, tusianze kwa kumdai hati. Waliomchukua yule mtoto ndio waliohakikisha kwamba hati haitakuwapo. Tumwulize kwao walikuwa na chale za namna gani usoni, mwiko wao ulikuwa nyama ya mnyama gani, na mtoto yule aliitwa nani kabla hajabadilishwa jina. Kisha tuwaulize bibi zetu wenyewe mambo hayo hayo, na majibu ya pande zote mbili yaandikwe kwenye karatasi ileile yenye majina ya akina bin.